Somo la Ishirini na Mbili: Alama za Mwilini na Alama ya Ubatizo



Wasikilizaji wapendwa, nanyi mnaolisoma somo hili pamoja na mkatekista wenu, leo twataka kueleza jambo ambalo wakatekumeni huliuliza katika kila kijiji. Wanauliza: Je, Mkristu aweza kuchanjwa chale? Je, mtu mwenye nembo za kabila usoni aweza kubatizwa? Na vijana wanaorudi kutoka mjini wakiwa na jina au picha ya wino mkononi, je, wametenda dhambi?

Wako watu wanaojibu upesi: Yote ni ya shetani. Wako wengine wanaojibu upesi vilevile: Si kitu, ni ngozi tu. Sisi hatutajibu upesi. Anayesema kwamba yote ni ya shetani anamwaibisha mzee mwema aliyechanjwa akiwa mtoto, wala hakuulizwa. Anayesema kwamba si kitu anamwacha mama peke yake usiku ule ambao jamaa wanakuja na wembe na dawa kumchanja mtoto wake mgonjwa. Basi tuyatenganishe mambo, kama mwanamke anavyopepeta mpunga katika ungo, makapi upande mmoja na mchele upande wa pili.

1. Alama ni za namna tatu

Kwanza, kuna nembo za kabila na za uzuri. Wazee wetu walizichora usoni, kifuani, tumboni na mgongoni. Mchanjaji aliinua ngozi kidogo, akaikata kwa kisu chembamba, akatia masizi au majivu ili kovu livimbe na kuonekana vema. Kazi hiyo ilikuwa na fundi wake na siku zake. Watabwa, wakaao kando ya ziwa Tanganyika upande wa Moba na Mpala, walipanga vitone vilivyovimba katika mistari ya pembetatu, nao waliita mchoro huo balamwezi, yaani kuchomoza kwa mwezi mpya. Kwa Waluba, wanawake hasa ndio waliopambwa kwa chale, na wachongaji wao walichonga chale zile zile juu ya sanamu za wanawake wanaobeba viti vya wafalme. Tena sikilizeni: katika lugha hizo, neno kulemba lilikuwa neno la kuchora alama mwilini, na shule zilipoingia, neno hilo hilo likawa neno la kuandika. Ngozi ilikuwa kama ukurasa. Aliyeijua kuisoma alijua mtu huyu ni wa ukoo gani, tena kwamba amekwisha kuwa mtu mzima.

Pili, kuna chale za dawa. Hizi ni ndogo, mara nyingi mbili mbili au tatu tatu, kifuani, mgongoni, kwenye viungo vya mikono na miguu, au kichwani pa mtoto. Mganga hukata, kisha husugua unga wa dawa ndani ya damu. Haja yake si uzuri. Haja yake ni kumkinga mtu na uchawi, kumpa bahati katika uwindaji au biashara, kumfunga mume asiende kwingine, au kumrudishia adui ubaya wake.

Tatu, kuna michoro ya wino. Fundi hutia wino chini ya ngozi kwa sindano, nao haufutiki kwa maji wala sabuni. Watu wa mijini huiita tatuu. Kijana huandika jina la mchumba, au la mama yake aliyefariki, au huchora simba, au msalaba.

Mambo haya matatu yanafanana machoni tu, kwa maana yote hubaki katika ngozi. Moyoni hayafanani. Naye Bwana alimfundisha Samueli kwamba mwanadamu hutazama sura ya nje, bali Mungu hutazama moyo (1 Samweli 16, 7).

2. Maandiko Matakatifu yasemaje?

Katika Agano la Kale, kitabu cha Walawi, sura ya 19, mstari wa 28, Mungu aliwakataza Waisraeli wasijikate mwili kwa ajili ya wafu, wala wasijitie alama za kuchora. Kitabu cha Kumbukumbu la Torati, mwanzoni mwa sura ya 14, chakataza pia kujikata kwa ajili ya wafu. Sababu yake ni kwamba mataifa yaliyowazunguka yalifanya hivyo katika ibada zao. Mkumbuke manabii wa Baali juu ya mlima Karmeli, siku waliposhindana na nabii Eliya: walijikatakata kwa visu na mikuki hata damu ikawatoka, ili mungu wao awasikie, wala hakuna aliyejibu (1 Wafalme 18). Mungu wa kweli hataki kununuliwa kwa damu ya ngozi zetu. Yeye ni Baba, hutusikia kabla hatujasema.

Lakini mkatekumeni mwenye akili atauliza: Je, katazo hilo latubana sisi pia neno kwa neno? Afungue sura hiyo hiyo ya 19. Ataona inakataza kuvaa nguo iliyofumwa kwa nyuzi za namna mbili, na kukata pembe za ndevu. Mambo hayo sisi hatuyashiki. Ataona pia inaamuru kumpenda jirani kama nafsi yetu, na hilo Bwana Yezu mwenyewe amelithibitisha kuwa amri kubwa. Mitume walipokutana Yeruzalemu, kama tusomavyo katika Matendo ya Mitume, sura ya 15, waliamua kwamba watu wa mataifa wasitwikwe mzigo wa desturi zote za Waisraeli. Desturi za taifa lile zimepita. Amri ambazo Mungu ameziandika katika asili ya mwanadamu zimebaki.

Basi katika mstari ule wa 28, ni nini kilichobaki? Imebaki sababu yake. Mkristu asiutoe mwili wake kwa mizimu wala kwa nguvu nyingine isiyo Mungu. Ndiyo maana sura ile ile, katika mstari wa 31, inakataza kuwaendea watu wanaowauliza wafu na kupiga ramli.

3. Kanisa limefundisha nini?

Kanisa halijatoa sheria moja inayosema kwamba kila alama ya mwilini ni dhambi. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, iliyotolewa mwaka 1992, haitaji michoro ya wino hata mara moja. Lakini katika namba 2117 yakataza uchawi wote, hata kama mtu anasema anataka kupata afya, tena yakataza kuvaa hirizi.

Zamani Wakristu waliliona jambo hili kwa macho mawili. Mwanzoni mwa karne ya 4, Kaisari Konstantino aliamuru wahalifu wasitiwe alama usoni, kwa sababu uso wa mtu umefanyizwa kwa mfano wa uzuri wa mbinguni. Mwaka 786 wajumbe wa Papa Adriano wa Kwanza walifika Uingereza, wakakuta watu wanajichora mwili kwa desturi za kipagani. Wakawakaripia. Lakini waliongeza neno la hekima: kama mtu angevumilia maumivu hayo kwa ajili ya Mungu angepata thawabu, bali anayefanya kwa ushirikina hapati faida yo yote.

Nao wako ndugu zetu katika imani waliochora msalaba mwilini. Wakristu wa Misri waitwao Wakopti huchora msalaba mdogo mkononi, upande wa ndani wa kifundo, hata leo. Katika nchi za Ethiopia na Eritrea, wanawake wengi Wakristu wana msalaba katika paji la uso. Huko Bosnia, wakati wa utawala wa Waturuki, mama Wakatoliki waliwachora binti zao misalaba mikononi ili wasisahau kamwe wao ni wa nani. Mwezi wa Machi mwaka 2018, Papa Fransisko alipokutana na vijana mjini Roma, aliulizwa habari ya alama hizi. Alijibu kwamba tusiziogope, akawakumbusha Wakristu wa Eritrea wenye msalaba usoni. Akasema kwamba ubaya uko katika kupita kiasi, na kwamba mwenye alama anataka kuonyesha yeye ni wa nani. Yafaa kumwuliza na kuzungumza naye.

Kumbe hilo ndilo swali la somo letu lote: Mimi ni wa nani?

4. Chale za dawa na Amri ya Kwanza

Hapa tukae zaidi, maana hapa ndipo roho za watu zinapojeruhiwa.

Amri ya Kwanza yatuamuru kumwabudu Mungu peke yake na kumtumaini kupita vyote. Mtu anayechanjwa chale za kinga anasema kwa mwili wake: Ubatizo hautoshi, yafaa niwe na mlinzi mwingine. Hawezi kuyatumaini mawili. Jumapili anapokea Ekaristi Takatifu, na Jumatatu usiku anabisha mlangoni kwa mganga. Mtu wa namna hii hapati amani kokote, kwa sababu moyo wake umegawanyika.

Watu hutuletea hoja tatu, nazo ni za haki, tuzijibu.

Hoja ya kwanza wanasema: Hata hospitali inachanja watoto. Neno ni moja, chanjo. Tunajibu: neno ni moja, jambo si moja. Chanjo ya hospitali huufundisha mwili kupigana na ugonjwa kwa nguvu ambayo Mungu ameiweka ndani ya mwili wenyewe. Haina maneno ya siri, haina miiko, haitaji jina la adui. Muuguzi aweza kueleza mbele ya watu wote anachofanya, na matunda yake yanaonekana kwa Mkristu na kwa asiye Mkristu sawasawa. Ndui iliua watu wengi mno duniani; kwa njia ya chanjo ikakomeshwa, na mwaka 1980 ikatangazwa kwamba imetoweka ulimwenguni kote. Lakini mganga wa chale za kinga asema ugonjwa umetumwa na mtu, kisha aonyesha kwa kidole nyumba ya jirani, au ya shangazi, au ya mjane mzee. Chanjo ya hospitali imeondoa ndui kijijini. Chale za kinga zimeleta kijijini chuki.

Hoja ya pili wanasema: Dawa za miti ni za mababu, je, mwazikataa? La, hatuzikatai. Majani, mizizi na maganda ni viumbe vya Mungu, na mzee anayejua mti wa kutuliza tumbo amepewa na Mungu kipaji chema. Ubaya hauko katika jani. Ubaya uko katika kuliomba jani, au katika kudai kwamba halifanyi kazi mpaka mzimu uitwe na jirani ashitakiwe.

Hoja ya tatu wanasema: Ninyi pia mnavaa medali na skapulari, si hirizi hizo? Swali hili ni zuri, na kila Mkristu alichukue moyoni. Medali haina nguvu ndani yake. Ni ukumbusho wa sala na wa upendo, kama mtoto anavyotunza picha ya mama yake. Mkristu anayevaa medali akidhani kwamba chuma kile chenyewe kitazuia ajali, naye haendi Misa wala hasameheani na mkewe, huyu ameigeuza medali kuwa hirizi. Kosa lake ni lile lile.

Sasa tukumbuke yaliyotokea katika nchi yetu wenyewe. Mwaka 1964, vita vya Simba vilipoenea mashariki ya Kongo, vijana wengi walichanjwa chale, zikatiwa dawa, wakanyunyiziwa maji, wakaambiwa kwamba risasi za askari zitageuka kuwa maji. Walipewa na miiko: wasiguse wanawake, wasigeuke nyuma vitani. Vijana wakaenda wakiimba. Aliyepigwa risasi akaanguka, walimsema kwamba amevunja mwiko. Angalieni vizuri jinsi uongo huu ulivyofungwa: mtu akipona, dawa inasifiwa, mtu akifa, marehemu analaumiwa. Dawa haihukumiwi kamwe. Hata baadaye, tangu miaka ya 1990, katika vita vya Kivu, vijana na watoto wengine wamechanjwa hivyo hivyo, na mama zao wamewalilia hivyo hivyo. Chale zile hazikusimamisha risasi. Zilimwondolea kijana woga ambao ungemfanya akimbie na kuishi.

Mwaka huo huo wa 1964, tarehe 1 Desemba, mjini Isiro, Sista Maria Klementina Anuarite aliuawa na mkuu mmoja wa Simba kwa sababu alikataa kuvunja ahadi yake kwa Bwana. Hakuwa na chale ya kinga, wala hakuahidiwa kwamba kisu hakitampata. Alikuwa na Ubatizo wake na neno lake alilompa Mungu. Akamsamehe aliyemwua. Papa Yohane Paulo wa Pili alimtangaza Mwenyeheri mjini Kinshasa, tarehe 15 Agosti 1985. Wapendwa, imani yetu haituahidi kwamba mwili hautakufa. Inatuahidi kwamba kifo hakitatutenga na Kristu. Mganga huuza ahadi kubwa kuliko ya Mungu, lakini hana cha kuilipia.

5. Wembe mmoja na Amri ya Tano

Amri ya Tano yatukataza kuua, nayo yatuamuru kutunza uhai wetu na wa wengine. Hapa hatusemi tena habari ya mizimu, twasema habari ya damu. Wembe uliokata ngozi ya mtu mmoja, ukitumika kwa mwingine, waweza kuchukua virusi vya UKIMWI, na virusi vya ugonjwa wa ini, ambavyo wengi huvibeba miaka mingi pasipo kujua. Kidonda kilichotiwa majivu au udongo chaweza kuingiwa na pepopunda, ugonjwa unaokaza mwili na kuua. Hata sindano ya wino ya mjini ina hatari hizo hizo isipokuwa mpya au imetakaswa kwa joto kali kama vyombo vya hospitali. Na miili mingine hufanya makovu yanayovimba na kuwasha maisha yote.

Kwa hiyo, hata yule asiyeamini uchawi, ambaye anasema anachanja kwa kumridhisha mzee tu, ana hesabu ya kutoa. Mtoto mchanga aliyepakatwa hawezi kukataa. Baba na mama ndio sauti yake.

6. Mama afanye nini usiku ule?

Tuseme mtoto ana homa kali, na nyanya yake amekuja na mchanjaji. Mama ni Mkristu, amebatizwa Pasaka iliyopita. Afanye nini?

Kwanza, asimtukane nyanya. Yule mzee anampenda mtoto, naye anatoa msaada aliofundishwa. Amwambie kwa heshima: Mama, nashukuru kwa kuja, na mtoto huyu ni wako kama alivyo wangu. Lakini mimi nimemweka mikononi mwa Kristu, siwezi kumweka tena mikononi mwa mwingine. Nisindikize tumpeleke dispansari.

Pili, aende kweli. Homa ya mtoto haingoji asubuhi ya pili. Malaria inatibika mtoto akifikishwa mapema. Mkristu anayekataa mganga, kisha akakaa nyumbani akisali tu na mtoto anaungua, hajaonyesha imani, amemjaribu Mungu. Sala na dawa ya hospitali ni ndugu wawili, hutembea pamoja.

Tatu, asiachwe peke yake. Neno hili ni lenu, ninyi Wakristu wa kijiji. Mara nyingi mama anashindwa kwa sababu jamaa ni kumi, naye ni mmoja. Mume wake asimame karibu naye, maana yeye pia alijibu maswali ya Ubatizo. Msimamizi wa Ubatizo aje. Majirani walete baiskeli au machela. Jumuiya inayomkataza mama kwenda kwa mganga, kisha haimsaidii kufika hospitalini, imetwika mzigo na haikuugusa hata kwa kidole kimoja.

Na kama mtoto alikwisha kuchanjwa bila mama kujua? Mtoto hana dhambi yo yote. Alama ile ni kovu tu, haina uwezo juu yake. Asioshwe kwa dawa nyingine ya kuondoa dawa. Abarikiwe na padri, kisha mambo yaishie hapo. Na mkubwa aliyechanjwa kwa hiari yake baada ya Ubatizo, aende kuungama kwa moyo wa majuto. Mungu husamehe kabisa. Kovu litabaki, dhambi haitabaki.

7. Wenye nembo za mababu

Sasa twasema nanyi, wazee wetu wenye nembo usoni. Msione haya. Hamkuzitafuta kwa mganga. Mlizipokea kwa wazazi kama mlivyopokea jina na lugha. Zilikuwa pambo na kitambulisho. Hakuna mkatekista mwenye ruhusa ya kuwarudisha nyuma katika foleni ya wakatekumeni kwa ajili ya hizo, wala mtoto wa shule mwenye ruhusa ya kuwacheka. Siku ya Kipaimara, askofu hupaka krisma takatifu juu ya paji lile lile lenye nembo. Kutoka katika watu hao wenye desturi hizo Mungu alimchagua Stefano Kaoze, Mtabwa, aliyepadirishwa mwaka 1917, wa kwanza kati ya Wakongo kupata upadri katika nyakati za misioni zetu. Neema ya Mungu haikusubiri ngozi za watu zibadilike.

Hata hivyo, watoto wenu hawana deni la kuchanjwa hivyo. Desturi ile imekwisha kupungua sana, na kitabu kimechukua kazi ya ngozi: jina la mtoto na la ukoo wake huandikwa leo katika daftari la Ubatizo. Tena tumeona katika nchi yetu jinsi watu wanavyotafutwa kwa kabila lao ili wachukiwe. Mtakatifu Paulo aliwaandikia Wagalatia kwamba ndani ya Kristu hakuna tena Myahudi wala Mgriki (Wagalatia 3, 28). Pendeni kabila lenu, fundisheni lugha na hadithi zake. Lakini alama yo yote isiwe ukuta kati ya Mkristu na Mkristu.

8. Vijana na wino

Nanyi vijana, wino si dhambi kwa nafsi yake. Lakini kabla ya kuutia, jiulizeni maswali manne. Picha hii yasema nini? Ikiwa ni ya uchafu, ya matusi, ya shetani au ya kikundi cha wanyang'anyi, ni dhambi, kwa maana mtaitembeza kila siku kama mahubiri maovu. Kwa nini nautaka? Ikiwa ni kwa majivuno, au kwa sababu wenzako wamekushurutisha, ngoja mwaka mmoja. Wazazi wangu wasemaje? Amri ya Nne ingali amri. Na fedha hii ingefanya nini nyumbani, ikiwa mdogo wangu hana karo ya shule?

Tena, msalaba wa wino haushiki mahali pa maisha ya Kikristu. Aliye na msalaba mkononi, na mkono ule ule waiba mihogo ya mwenziwe, amejiandikia ushuhuda wa kumshitaki. Naye aliyekwisha kujichora vibaya, kisha akatubu, asikatishwe tamaa. Aje kanisani na mkono wake kama ulivyo.

9. Alama isiyofutika

Wapendwa, tumesema juu ya alama nyingi, na kubwa kupita zote haionekani kwa macho. Ubatizo, Kipaimara na Daraja Takatifu hutia rohoni muhuri usiofutika. Hivyo ndivyo Mtaguso wa Trento ulivyofundisha mwaka 1547. Ndiyo sababu sakramenti hizi tatu hazirudiwi.

Mtakatifu Augustino, askofu wa Afrika ya Kaskazini, alilieleza jambo hili kwa mfano wa askari. Katika zamani zile askari wa Kaisari alitiwa alama mwilini. Akitoroka jeshi, alama haimtoki. Akirudi na kusamehewa, hatiwi nyingine, ile ya kwanza yatambuliwa. Ndivyo alivyo Mkristu. Akianguka, muhuri haufutiki. Akirudi, habatizwi tena, anasamehewa. Basi mwenye muhuri huo atafute kinga gani nyingine?

Na wako waliopata alama mwilini kwa sababu ya alama hii ya rohoni. Mtakatifu Paulo aliandika kwamba anachukua mwilini mwake alama za Yezu (Wagalatia 6, 17), yaani makovu ya mapigo. Ndugu yetu Isidori Bakanja alibatizwa Mbandaka mwaka 1906. Alifanya kazi katika shamba la Mzungu aliyechukia dini, naye akaamriwa avue skapulari yake. Akakataa. Akapigwa viboko zaidi ya mia kwa mjeledi wa ngozi ya tembo uliotiwa misumari, mgongo wake ukawa jeraha moja. Aliugua miezi mingi, akamsamehe aliyempiga, akafa tarehe 15 Agosti 1909. Mwaka 1994 Kanisa lilimtangaza Mwenyeheri. Skapulari haikumkinga na mjeledi, naye hakuidai imkinge. Yeye ndiye aliyeilinda, kwa sababu ilisema yeye ni wa nani.

Bwana Yezu mwenyewe, baada ya kufufuka, hakuyaficha makovu yake. Alimwonyesha Toma mikono na ubavu (Yohane 20). Kwa makovu hayo Toma alimtambua, akasadiki. Hizo ndizo alama zilizotukomboa. Hatuhitaji damu nyingine.

Maswali na majibu ya kujifunza kwa moyo

Je, kila alama ya mwilini ni dhambi?
Hapana. Twatazama sababu yake, maana yake na madhara yake.

Chale za dawa ya kinga ni dhambi kwa nini?
Kwa sababu zinavunja Amri ya Kwanza: mtu anaweka tumaini lake katika nguvu isiyo Mungu.

Je, dawa za miti zimekatazwa?
Hapana, zinapotumiwa kama dawa tu, pasipo mizimu, ramli wala mashitaka ya uchawi.

Chanjo ya hospitali ni kama chale za mganga?
Hapana. Yaufundisha mwili kushinda ugonjwa. Wazazi Wakristu yawapasa kuwapeleka watoto wao.

Mwenye nembo za kabila aweza kubatizwa?
Ndiyo, pasipo kuona haya.

Wembe mmoja kwa watu wengi ni kosa gani?
Ni kosa juu ya Amri ya Tano, kwa maana waweza kuleta UKIMWI, ugonjwa wa ini na pepopunda.

Ni alama gani ambayo Mkristu hawezi kuipoteza?
Muhuri wa Ubatizo.

Azimio la juma hili

Kila jamaa itafute tarehe ya Ubatizo wa kila mmoja nyumbani, na asiyeijua amwombe mkatekista aitazame daftarini. Kisha Wakristu wa kila mtaa wapatane ni nani atakayeitwa usiku mtoto akiugua, na nani ana baiskeli. Jioni, kabla ya kulala, baba au mama achore ishara ya msalaba kwa kidole gumba katika paji la kila mtoto. Alama hiyo haikati ngozi, na yatosha.

Katika somo lijalo, tukijaliwa, tutaeleza habari ya mazishi ya Kikristu na heshima ya marehemu wetu.

Tumsifu Yezu Kristu. Milele na milele. Amina.